Kinywaji cha Mtu Mzima Asiyekunywa

Mhadhara wa wazi uliotolewa jijini Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa hoteli na mapishi, wenye migahawa na wakazi wa jiji. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa.



Nianze na kamati ya harusi, maana sijui mahali pengine ambapo vinywaji hujadiliwa kwa uzito kama pale. Bia hutajwa kwa majina. Mwenyekiti anakumbuka upande wa bibi harusi wanapenda ipi, mweka hazina anauliza bei ya kreti, mwingine anadokeza kwamba wazee wa meza ya mbele wawekewe mvinyo na chupa moja ya kitu kikali. Nusu saa imekwisha. Ndipo dada mmoja anauliza, "Na wasiokunywa?" Jibu linatoka kabla hajafunga mdomo: "Soda na maji." Kikao kinahamia kwenye mapambo.

Hiyo "soda na maji" ndiyo iliyonileta hapa. Mzee wa miaka 60, aliyetoa mchango sawa na wenzake, anakaa meza moja na mjukuu wake wa miaka saba, na wote wawili wanawekewa soda ya chungwa yenye mrija. Mjukuu amefurahi. Mzee anaimaliza dakika tano za kwanza, kisha anakaa saa nne akiitazama chupa tupu. Mhudumu akipita anamletea nyingine, sukari juu ya sukari. Kuna wasiokunywa kwa sababu ya dini, wengine wako kwenye dawa, wengine ni wajawazito, wengine wataendesha gari kurudi Kibaha usiku huohuo, wengine waliwahi kunywa kupita kiasi wakaacha, na wengine hawataki tu. Wote hao tumewatia kwenye fungu la watoto.

Watu wakiambiwa watafute kitu cha kushika nafasi ya bia, hutafuta kinachofanana na bia. Mimi nasema kufanana kuje baadaye. Cha kwanza ni mwendo wa kunywa. Kinywaji kinachofaa kukaa mbele ya mtu mzima jioni nzima ni kile kisichokubali kugugumiwa. Kina kitu ndani yake kinachousimamisha ulimi na kumfanya mtu aweke glasi chini, aongee, kisha airudie. Ukishika hilo, kuchagua kunakuwa rahisi, iwe uko dukani, kaunta au jikoni kwako.

Tujiulize kwanza pombe inafanya nini mdomoni kabla haijafika kichwani. Inachoma kidogo, na kule kuchoma ndiko kunakomfanya mtu apige funda dogo. Inakipa kinywaji uzito, kikapita ulimini kama kitu na si kama maji. Tena inabeba harufu, kwa sababu inaruka hewani upesi kuliko maji na kupandisha manukato puani. Bia ina kama asilimia 5 ya alkoholi, mvinyo 12 hadi 14, pombe kali 40 hivi. Juu ya hapo bia inaongeza uchungu wa maua ya hopsi na gesi, mvinyo unaongeza uchachu wa zabibu na ule ukakasi wa maganda yake, ambao yeyote aliyewahi kutafuna bibo anaujua. Kokteli huchanganya yote.

Sasa chukua hicho kinywaji, toa alkoholi, toa uchungu, toa ukakasi, halafu mimina sukari. Umeng'oa breki ukakanyaga mafuta. Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 32, yaani vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Mzee wetu amevuka kipimo hicho kabla pilau halijafika mezani. Na baridi inamdanganya. Ulimi hausikii utamu vizuri kitu kikiwa baridi sana. Acha soda hiyohiyo ipate moto juani uionje, utajua umekuwa ukinywa shira.

Wako watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya wazungu, kwamba sisi hatuna utamaduni wa kukaa na kinywaji kisicho na kilevi kwa saa nyingi. Waende Mji Mkongwe wa Zanzibar, wakae Jaws Corner jioni moja. Dele la shaba liko juu ya makaa. Kahawa ni nyeusi, chungu, ya moto, inamiminwa kwenye kikombe kisichojaa kiganja. Hakuna anayeimeza kwa mkupuo, hawezi. Watu wanabishana siasa na mpira tangu alasiri mpaka usiku, na kinachopita mikononi ni vikombe vidogo tu. Tazameni pia sukari imewekwa wapi: imo kwenye kashata, nje ya kikombe, kila mtu anajipimia. Baraza la pwani lilikwisha kulijibu swali letu zamani, ila kamati za harusi hazijapita huko.

Ndiyo maana kanuni yangu ya kwanza kwa nyinyi wenye migahawa ni ya bure kabisa: msitie sukari jikoni. Leteni kinywaji kikiwa kikavu, na shira kwenye kijagi pembeni. Utaona watu wazima wengi hawaigusi.

Tuje kwenye bia zisizo na kilevi, ambazo sasa zimejaa kwenye friji za maduka makubwa na hata za baadhi ya vituo vya mafuta. Ziko koo mbili, na asiyezijua atanunua moja, aichukie, kisha azichukie zote.

Ukoo wa kwanza ni ule ambao uchachaji haukuachwa ufike mwisho, au haukufanyika kabisa. Kiwanda kinapika shayiri iliyooteshwa, kinapata maji matamu, kisha ama kinaizuia hamira mapema kwa baridi, au kinatumia hamira ya aina maalumu isiyoweza kula sukari kuu iliyomo kwenye kimea. Sukari inabaki, na pamoja nayo inabaki ladha ya uji wa shayiri ambayo hamira ingeiondoa. Vinywaji vya kimea, hivi tunavyoviita malti, viko upande huo, vile vya ladha ya tofaa na nanasi vilivyozoeleka Zanzibar na Dar es Salaam pamoja na ndugu zao wa Ghuba. Ni vizuri kwa aliyefunga mchana kutwa au aliyefanya kazi ya suluba. Kwa jioni ndefu vinarudi kwenye tatizo la soda, na vingi vina sukari nyingi kama soda au kuizidi.

Ukoo wa pili ni bia iliyopikwa mpaka mwisho ikawa bia kamili, halafu alkoholi ikatolewa. Kwenye hewa ya kawaida alkoholi huchemka kwa nyuzi 78 hivi za Selsiasi, joto ambalo lingeiua ladha. Kwa hiyo wanaitia bia kwenye chombo kilichonyonywa hewa, ambamo alkoholi huruka kwenye joto la chini zaidi. Wengine huisukuma kwa nguvu kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, maji na alkoholi vikapenya, ladha ikabaki nyuma, kisha maji yakarudishwa. Heineken 0.0, iliyoingia sokoni mwaka 2017, hupikwa kisha hutolewa alkoholi na kurekebishwa kwa manukato. Chupa yake ya mililita 330 ina kalori 69. Bia za ukoo huu ni kavu, uchungu wake haukupotea, na kosa lake ni wepesi: zinapita ulimini kama zimekonda.

Ukiwa dukani, geuza chupa. Angalia sukari kwa kila mililita 100. Ikiwa chini ya gramu 3, uko na bia. Ikikaribia 10, uko na soda iliyovaa shati la bia. Na angalieni ujanja wa lebo: kampuni moja huandika hesabu ya mililita 100, nyingine hesabu ya chupa nzima, na mnunuzi mwenye haraka hulinganisha vitu visivyolinganishika.

Nikiombwa ushauri, nawaambia watu waanze na zile zenye hopsi nyingi au zile za ngano. Uchungu mwingi unaficha wembamba, na ngano inarudisha uzito. Huko Ujerumani bia ya ngano isiyo na kilevi hugawiwa kwa wakimbiaji wa mbio ndefu wakimaliza, na wanaipokea bila kujihisi wameonewa. Nyingine ni hii: msiinywe kutoka kwenye chupa. Harufu yake ni hafifu, na chupa inaibana hata hiyo kidogo iliyopo. Imimineni kwenye glasi kavu, ifanye povu, pua ipate chake.

Wenye bomba kaunta niwape tahadhari. Alkoholi ni mlinzi. Ikiondoka, vijidudu na ukungu hupata nafasi. Mwaka 2020 Guinness walitoa bia yao ya 0.0 huko Uingereza, na wiki chache baadaye wakaiondoa madukani wenyewe kwa hofu ya uchafuzi wa vijidudu. Ilirudi mwaka uliofuata baada ya kurekebisha. Ikiwa kampuni ya ukubwa huo imepata tabu, baa yenye mpira wa bomba usiosafishwa tangu Pasaka isijaribu. Uzeni chupa na makopo.

Sasa hizo namba za lebo, 0.0 na 0.5. Marekani bia ikiwa chini ya asilimia 0.5 huweza kuitwa isiyo na kilevi, na mpaka huo ni urithi wa sheria ya kupiga marufuku pombe iliyodumu kutoka 1920 hadi 1933. Ujerumani nako ni 0.5. Miongozo ya Uingereza kwa miaka mingi imetaka 0.05. Na 0.0 kwa kawaida haina maana ya utupu. Ina maana kwamba kilichobaki kiko chini ya 0.05. Kwa asilimia 0.5 mtu mzima mwenye afya halewi, hata akijitahidi. Ndizi iliyoiva sana na mkate navyo hubeba chembe za alkoholi. Lakini si kila anayeuliza anaogopa kulewa. Mjamzito mpe 0.0, au mpe kitu kingine kabisa, msibishane. Muislamu naye usimsemee. Saudia na Kuwait, ambako pombe imekatazwa, rafu zimejaa vinywaji vya kimea, na chapa ya Barbican, iliyozaliwa Uingereza, leo ni mwenyeji wa Ghuba. Wapo pia Waislamu wasiotaka hata kukaribia kitu chenye sura ya bia, na wana hoja zao. Mwenyeji mwerevu hatoi fatwa. Anaiweka chupa mezani lebo ikionekana, na kando yake anaweka kitu kisichofanana na bia hata kidogo.

Na yupo yule aliyeacha pombe baada ya kuteswa nayo. Kwake harufu ile, povu lile na glasi ile vinaweza kuwa ndoano. Wengine hunywa 0.0 kwa raha na inawasaidia, wengine inawarudisha walikotoka. Usimshangaze nayo mbele ya watu ukidhani unamfanyia wema. Muulize pembeni, na akisema chai, mpe chai.

Kabla sijaiacha bia nimtaje jirani. Mwaka 2008 kampuni ya bia ya Afrika Mashariki ilitoa Alvaro nchini Kenya, kinywaji cha kimea na matunda, na ikakitangaza kwa watu wazima wa mjini, si kwa watoto. Kilishika kwa kasi hata Coca-Cola ikajibu kwa kuleta Novida. Binafsi Alvaro naiona tamu mno. Ila soko lile lilionyesha kitu ambacho kamati zetu bado hazijakiona: mtu mzima asiyekunywa yuko tayari kulipa, mradi asishikishwe mrija.

Mvinyo ni mgumu zaidi, na sitawadanganya. Bia ukiitoa asilimia 5 bado ina gesi na uchungu wa kuishikilia. Mvinyo ukiutoa asilimia 13 umeutoa uti wa mgongo. Jambo lenyewe si geni: Mjerumani Carl Jung wa Rüdesheim, siye yule tabibu wa nafsi wa Uswisi, alipata hataza ya kutoa alkoholi kwenye mvinyo kwa chombo kilichonyonywa hewa mwaka 1908. Zaidi ya miaka 100 baadaye tatizo ni lilelile. Harufu huondoka pamoja na alkoholi, kinachobaki ni kichachu na chembamba, na kiwanda kinaziba pengo kwa sukari au maji ya zabibu. Inayofaulu ni ile yenye gesi, na myeupe yenye harufu kali ya zabibu. Mvinyo mwekundu uliotolewa kilevi sijaonja ambao ningemmiminia mgeni glasi ya pili.

Iko njia nyingine, nayo ilitoka kanisani. Mwaka 1869 Thomas Bramwell Welch, daktari wa meno na Mmethodisti wa Vineland, New Jersey, alitaka Meza ya Bwana isiwe na kilevi. Alichukua maji ya zabibu, akayapasha moto kwa njia ya Pasteur ili kuua hamira, akayafunga kwenye chupa. Hayakuchacha. Makanisa mengi ya Kiprotestanti, Wasabato wakiwemo, hutumia maji ya zabibu mpaka leo. Welch hakujaribu kuondoa kitu kwenye mvinyo. Alirudi nyuma hatua moja kabla mvinyo haujawa mvinyo. Hatua hiyo nitairudia nikifika kwenye togwa.

Lakini maji ya zabibu peke yake ni matamu. Kwa mlo wa nyama yanahitaji ukakasi, na ukakasi wa bei nafuu kuliko wote mnao jikoni: majani ya chai. Hii ndiyo ninayoifanya. Maua makavu ya rozela, konzi moja, kwenye lita moja ya maji yaliyotoka kuchemka. Kijiko cha majani ya chai nyeusi, yaache dakika kumi, yatoe rangi na ule ukali unaokausha ufizi. Karafuu tatu, ganda la danzi au la chungwa lililomenywa bila nyama nyeupe. Chuja, tia sukari vijiko viwili tu vya chai kwa lita nzima, weka friji usiku kucha. Imimine kwenye glasi ya mvinyo, nusu, si pomoni. Rangi yake ni ya mvinyo mwekundu, lakini sijaitengeneza kwa ajili ya rangi. Kula nayo mshikaki wenye mafuta, utaona inakusafisha mdomo kwa ajili ya tonge linalofuata, na hiyo ndiyo kazi ambayo mvinyo ulikuwa ukiifanya mezani. Aliye Dodoma msimu wa zabibu akamue na zabibu za Makutupora na maganda yake, apashe moto maji yake, ayachanganye humo robo kwa robo tatu.

Kwenye kokteli ndipo pesa za watu zinapoibwa. Mwaka 2015 Mwingereza Ben Branson alianza kuuza Seedlip, maji yaliyokenekwa kwa majani na viungo, hayana kilevi wala sukari, kwenye chupa nzuri na kwa bei ya jini ya daraja la juu. Miaka minne baadaye kampuni ya vileo ya Diageo ikanunua sehemu kubwa ya kampuni yake. Wazo lake nalisifu, maana aliona kwamba asiyekunywa anastahili kitu kikavu. Ila ukikichanganya na toniki, toniki ndiyo inayofanya kazi kubwa, uchungu wa kwinini ndio unaousimamisha ulimi. Kwa hapa kwetu Krest ya ndimu chungu na kipande cha barafu kubwa itakufikisha karibu na hapo kwa bei ya soda. Sukari yake si haba, kwa hiyo ikate nusu kwa maji yenye gesi.

Orodha za kokteli zisizo na kilevi kwenye hoteli zetu ni huzuni. Juisi ya embe, juisi ya nanasi, shira nyekundu, kimwavuli cha karatasi. Niliwahi kuagiza moja kwenye hoteli ya ufukweni, sitaitaja, nikaletewa kitu kilichogawanyika rangi tatu kama bendera, na hata baada ya kukoroga utamu ulikuwa mmoja. Bei yake ilikuwa sawa na ya kokteli yenye pombe. Mteja akiuliza kwa nini, mhudumu hana jibu, kwa sababu jibu halipo.

Mnapotengeneza, anzeni na uchachu. Ukwaju, robo kilo, loweka kwenye lita moja ya maji ya moto, kamua, chuja mara mbili. Twanga tangawizi mbichi, kamua maji yake humo, nyingi kuliko moyo unavyokuruhusu. Chumvi, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Chumvi inapunguza ukali wa uchungu na kuupa uchachu umbo. Pilipili kichaa moja, ipasuliwe, ikae humo robo saa, itolewe. Hiyo pilipili inashika kazi ya kuchoma iliyokuwa ya alkoholi, na ndiyo itakayomfanya mteja apige funda dogo. Kamilisha kwa maji yenye gesi ndani ya glasi, usitie gesi kwenye jagi. Aliye na mabungo ayatumie badala ya ukwaju, harufu yake hakuna kiwanda kinachoiweza. Njia nyingine ni matunda na siki: nanasi au pera lililokatwa, sukari, vilale usiku, kamua, tia siki kiasi cha nusu yake. Siki ina makali yanayodumu hata barafu ikiyeyuka, jambo ambalo ndimu haiwezi.

Na ole wake anayetia matone machungu ya Angostura kisha akaandika "haina kilevi". Kichupa kile kina alkoholi asilimia 44.7. Matone mawili kwenye glasi ni machache, sawa, lakini mteja aliyeuliza kwa ajili ya imani yake hakuuliza kuhusu kiasi. Vanila ya chupa nayo mara nyingi imeyeyushwa kwenye alkoholi. Someni.

Nimeahidi togwa, na hapa naomba mnivumilie, maana ndicho kinywaji ninachokiheshimu kuliko vyote nilivyovitaja, na mhudumu wa hoteli ya kitalii akikisikia anacheka.

Pika uji wa mahindi au mtama, mzito kiasi mwiko usimame. Epua. Subiri mpaka kidole kiweze kuvumilia joto. Nyunyiza unga wa kimea cha ulezi, yaani ulezi uliolowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Vijiko vitano au sita vya chakula vinatosha lita mbili. Koroga. Mwanzoni huoni kitu, mkono unauma tu. Endelea. Ndani ya dakika chache mwiko unaanza kwenda wenyewe, uji uliokuwa umeshikana unalegea na kung'aa, na ukionja ubavuni mwa sufuria unakuta utamu ambao hukuutia. Vimeng'enya vya kimea vimeukata wanga kuwa sukari. Kazi ileile hufanywa na shayiri kwenye mapipa ya kiwanda cha bia, na ileile hufanywa na ulezi kwenye mbege ya Uchagani. Miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza kimea kwenye uji wa watoto kwa sababu hiyohiyo: uji mwepesi kumezeka, wenye nafaka nyingi ndani.

Kwa hiyo togwa ni bia iliyosimama kabla hamira haijashika, kama maji ya zabibu ya Welch. Tofauti ni kwamba haisimami muda mrefu. Ikilala usiku mmoja bakteria wale wa maziwa mgando huichachusha, na uchachu huo ndio tunaoutaka. Siku mbili tatu mbele, kwenye joto la Dar es Salaam, chachu za hewani nazo zimefika, na togwa haina lebo ya kukuambia. Ikishapata uchachu wa usiku mmoja, iingie friji, inywewe siku hiyo. Usinunue ya ndoo barabarani na kuiandika kwenye orodha ya visivyo na kilevi bila kujua imelala siku ngapi. Tembo la mnazi ni hatari zaidi kwa mtu asiyetaka kilevi, maana huanza kuchacha likiwa bado juu ya mti; mkulima akikuambia ni tamu la asubuhi, anasema kweli kuhusu utamu tu. Juisi ya ndizi ya Kagera, Uganda na Rwanda, ile ya ndizi mbivu zinazokandwa kwa majani mpaka zitoe maji, ni salama ikinywewa palepale, ila ni tamu mno bila ndimu.

Wanaokunywa togwa na nyama wakalalamika kwamba ni nzito wana haki. Ichujeni kwa kitambaa, si kwa chujio la chai, itoke nyepesi yenye rangi ya maziwa yaliyokatwa. Theluthi mbili togwa, theluthi moja maji yenye gesi baridi sana, tangawizi, na kipande cha ganda la ndimu lililobanwa juu yake mafuta yaruke. Inapata povu. Ina uchachu, ina uzito wa nafaka ambao bia za 0.0 zote zimeupoteza, na mtu hawezi kuigugumia, tumbo lenyewe litamkataza. Kwa nyama choma na ndizi sijaona cha kuishinda.

Kamati za harusi zilizomo humu zitaniuliza hesabu. Igawanyeni bajeti ya soda mara mbili. Nusu ibaki soda, kwa watoto na kwa wanaoipenda, hakuna ugomvi. Nusu ya pili nunueni ukwaju, tangawizi, rozela na maji yenye gesi, mlipeni mama mmoja wa togwa mnayemjua atengeneze usiku wa kuamkia sherehe, na wekeni jagi na glasi halisi kwenye kila meza, kabla wageni hawajakaa, ili asiwepo wa kujieleza kwa mhudumu kwamba hanywi na kwa nini hanywi.

Majagi matatu yako meza ya nyuma. La kushoto ni rozela na chai, la katikati ukwaju, la kulia togwa ya jana jioni iliyochujwa. Shira iko pembeni kwenye kikombe. Onjeni kwanza bila hiyo, halafu mrudi na maswali.